Ardhi Iliyokunywa Mara Mbili

Mlinzi wa pampu alikutwa saa 12:40 asubuhi, amekufa maji ndani ya kibanda chake. King'ora kilichokuwa juu ya paa kilikuwa kizima. Hakikulia.

Saa nne mpelelezi, mwanamke wa makamo, alipanda ngazi za ofisi ya utabiri wa mafuriko. Binti wa marehemu alimfuata hadi mlangoni.

"Shangazi, nitajie tu aliyemuua baba."

King'ora huamriwa na kompyuta. Ikikadiria kwamba milimita hamsini za mvua zitaingia mtoni, kinalia. Safari hii ilikadiria thelathini na mbili.

Aliyebanwa kwanza ni fundi aliyeunda modeli, yaani programu ya kuigiza mto.

"Niliiunda kwa ajili ya bonde jingine, miaka tisa iliyopita," alisema. "Inapokea mvua, inatoa asilimia arobaini inayonywewa na ardhi, inayobaki inaingia mtoni. Kosa halimo."

"Ilipokea ngapi?"

"Hamsini na nne."

"Ndoo ya kupimia mvua ina tisini."

"Basi kambane mama wa mvua, afande. Mimi nimelowa bure."

Mama wa mvua, mwenye modeli ya mvua, alikuja na karatasi zake. "Tisini niliziona. Nikatoa asilimia arobaini ya ardhi, nikapitisha hamsini na nne."

Mpelelezi alipiga hesabu pembeni mwa daftari, akaweka kalamu chini.

"Ardhi moja imekunywa mara mbili. Nani aliziunganisha modeli hizi mbili?"

Mama wa mvua aligeukia dirisha. Kwenye meza ya kona, mwanamume mmoja alivua miwani.

"Mimi. Kila moja ilikuwa nzima peke yake. Namba zikaingia, namba zikatoka."

"Hukumuuliza hiyo hamsini na nne ni mvua yote au ni mabaki? Mmetenganishwa na ukuta wa mbao."

"Tuliachana mwaka juzi. Ningemuuliza, angesema hata kazi siiwezi bila yeye."

"Ningekucheka kwanza," mama wa mvua alisema bila kugeuka. "Halafu ningekujibu."

Mpelelezi alitafuta kichwani kifungu cha sheria kinachomhusu mtu aliyenuna. Hakukipata.

Saa saba alishuka. Binti alisimama.

"Mnamkamata nani?"

Mpelelezi alifungua daftari, akasoma: "Tisini. Hamsini na nne. Thelathini na mbili."

"Hizo ni nini, shangazi?"

"Ndizo nilizonazo, mwanangu."