Dada Aliuona Mlima Ubavuni mwa Tairi

Ndugu wasomaji, nina miaka thelathini na sita, mke mmoja, watoto watatu, na cheti cha shule ya usiku nilichokitundika sebuleni kwangu hapa Okolona, Louisville. Kimekaa mahali ambapo hata anayekuja kusoma mita ya umeme lazima akione. Kanisani wananiita Mwalimu. Nusu ya Warundi wa mji huu nimewasomea barua zao, za shule, za hospitali, za mwenye nyumba, na sijawahi kumwambia mtu hata mmoja neno "sijui".

Hilo ndilo lililonimaliza...

Tulilelewa kambi ya wakimbizi Tanzania. Mama alikuwa na uwezo wa kumwacha mtoto mmoja tu akae darasani, wengine wachote maji na kuni. Dada yangu Esperansi ndiye mkubwa, zamu ilikuwa yake. Akanisukuma mimi mbele. "Soma wewe, Zeka. Utatusomea sote." Yeye akabeba ndoo. Kichwa chake kilibeba maji ya kujaza ziwa zima ili mimi nijue kusoma.

Marekani ilitutawanya. Mimi Louisville, dada Columbus, mtaa wa Linden, Mama akapelekwa Buffalo na mdogo wetu Yona. Basi majira ya baridi, mwanzoni mwa 2015, Yona akapiga simu. Mama yuko hospitali, madaktari wameacha kuzungumzia dawa. Anatuulizia. Njooni upesi.

Niliondoka alfajiri. Nilipofika Linden dada alikuwa mlangoni tayari, amekumbatia sufuria ya sombe, yaani kisamvu, iliyofungwa kwa kitenge. Mama alikuwa amekataa chakula cha hospitali, na dada alitaka amlishe kwa mkono wake mwenyewe, hata matonge mawili. Alilizunguka gari langu, akapapasa tairi la mbele.

"Mdogo wangu, hivi ni vipara. Yona anasema huko theluji inafika kiunoni."

Alisema kweli. Tukaenda kwa muuza matairi yaliyotumika, hapo hapo mtaani. Yaliyolitosha gari langu yalikuwa ya aina mbili. Ya kwanza meusi, yamepakwa dawa yanang'aa kama viatu vya bwana harusi. Ya pili yamefifia, yana vumbi. Bei ilikuwa ileile.

Dada akainama kwenye yale ya vumbi. Hajui kusoma, lakini macho anayo. Akapitisha kidole ubavuni mwa tairi.

"Zeka, hili lina mlima. Vilele vitatu. Na ndani ya mlima wameweka kitu kama theluji. Si ndiyo ya kule tunakokwenda?"

Nilicheka. Mimi msomi, nilicheka!

"Dada, hiyo ni chapa ya kampuni tu, kama simba kwenye kiberiti. Njoo uone yanayong'aa. M na S. Kwa Kiingereza maana yake tope na theluji. Limeandikwa kabisa, unataka likuimbie?"

Alisimama kidogo, mkono bado uko juu ya ule mlima. Kisha akasema, "Haya. Wewe ndiye uliyesoma."

Kwenye yale yanayong'aa niliona pia namba nne mwishoni mwa mstari, 3505. Sikujua ni za nini. Je, niliuliza? Muuzaji alikuwa hatua tatu tu kutoka kwangu. Nikajiambia ni namba za stoo, nikalipa, yakafungwa.

Mpaka mji wa Erie, kando ya ziwa, tulikwenda vizuri, nikimchekesha dada kwa hadithi za kambini. Baada ya hapo theluji ikaja kutoka ziwani kama mtu anayemwaga magunia ya unga. Kwenye mteremko mmoja nikagusa breki... Usukani ulikuwa mkononi mwangu, lakini gari halikuwa langu tena. Likazunguka, likaacha barabara, likajichimbia pua mtaroni. Hatukupata hata mkwaruzo. Injini ndiyo ilikufa.

Tulingoja gari la kuvuta saa tatu nzima, dada amekumbatia sufuria. Dereva wake, mzee wa Kizungu, alifuta theluji kwenye tairi langu, akanionyesha kwa kidole gumba. Akasema M na S hubandikwa hata kwenye matairi ya kawaida ya mwaka mzima. Tairi la theluji hii ni lenye mlima wa vilele vitatu na chembe ya theluji ndani. Halafu akagonga zile namba nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lilitengenezwa wiki ya thelathini na tano, mwaka 2005. Miaka karibu kumi! Mpira umekauka kama ngozi ya ngoma.

"Anasemaje?" dada akauliza.

Mimi ndiye mkalimani wa familia. Nilimtazama usoni, nikatafsiri: "Anasema barabara ndiyo mbaya."

Tulikuwa ndani ya gari lile la kuvuta Yona alipopiga. Mama ametutoka. Alikuwa akiuliza kila mara kama tumefika, na Yona akamwambia ni Zeka anayeendesha. Akasema, "Basi watafika. Zeka amesoma." Hakusema tena.

Sombe ilifika Buffalo imeganda kama jiwe.

Msibani dada aliwaambia watu jinsi mdogo wake alivyopigana na theluji. Mnajua inavyouma kusifiwa hivyo? Miezi miwili baadaye akanitumia picha ya barua kwenye simu, nimsomee kama kawaida. Sikuweza. Niliendesha mpaka Linden, nikamkuta anaosha vyombo, nikamweleza yote, mlima, namba, na tafsiri yangu ya uongo.

Alifunga bomba. "Niliuona, Zeka. Niliuona ule mlima."

Hakunitukana. Ningefurahi angenitukana. Ila barua zilikoma kuja. Yona ndiye aliyeniambia kwamba dada ameanza darasa la jioni la kusoma, kanisani Clintonville, jirani na Linden.

Wasomaji wenzangu, kabla ya baridi inameni, futeni vumbi, tafuteni ule mlima, hesabuni zile namba nne. Na wewe unayewasomea wenzako, ukifika usipopajua, sema hujui. Neno hilo lingenichukua sekunde moja tu.

Baridi iliyofuata dada alipiga simu. Nyuma yake nilisikia kelele za gereji.

"Moja, nane, moja, tano," alisoma polepole. "Wiki ya kumi na nane, mwaka huu huu. Na mlima upo."

Nikamwambia, ndiyo dada, hayo ni mazuri...

"Sikuulizi," akasema. "Nakusomea."