Chuma Chenye Koti la Sukari

Jasumati aliuza vyombo vya stili Kariakoo. Dukani alining'iniza sumaku kwa kamba. Sufuria mpya ikija, aliigusa kwa sumaku hiyo. Ikinasa tu, alifoka, "Rudisha huko! Stili gani hii inayonasa sumaku? Usinichezee!" Na ule ufunguo mkubwa wa chuma wa duka? Haukutoka kiunoni mwake. Hata mkwe wake, Hiral, hakuwahi kuushika.

Basi mama huyu mkali akaanza kuumwa kichwa. Jicho moja likafifia. Daktari akataka picha ya ubongo.

"Mashine yenyewe ni sumaku kubwa," alieleza. "Kwanza utawekewa dawa yenye chembe za chuma."

Weee! Jasumati alitoka mbio hadi getini.

"Mama, unaenda wapi?" Hiral alimkimbilia.

"Nyumbani! Chuma kwenye damu, halafu sumaku? Itanichana mishipa! Sumaku naijua mimi."

"Na kama kuna uvimbe? Tutakupoteza, mama." Hiral akaanza kulia.

Jasumati aliogopa mashine. Aliogopa na kufa. Akabaki amesimama palepale.

Muuguzi Celina akawafuata. "Shikamoo, mama. Karanga za sukari unazijua?"

"Marahaba. Nani asiyezijua?"

"Karanga ndani, sukari nje. Chembe hizi ni hivyo hivyo. Chuma kiko ndani, kimevikwa koti la sukari maalumu ili kisidhuru mwili. Ni ndogo mno, sumaku haiwezi kuziburuta. Zinapita na damu, mishipa inaonekana vizuri kwenye picha. Dawa ya kawaida ya picha haikufai, figo zako ni dhaifu."

"Hazina madhara kabisa?"

"Wachache huwashwa au hubanwa pumzi. Ndiyo maana dripu inaenda polepole, na mimi nakaa nawe. Ukisikia lolote, sema."

Jasumati akakubali. Dripu ikaisha salama. Akavua bangili, akavaa gauni la hospitali.

"Umevua vyuma vyote?" Celina aliuliza mlangoni pa mashine.

"Vyote."

Celina akapitisha kifaa cha kukagulia. Kikalia kiunoni. Mungu wangu, ufunguo!

"Huo ndio wa kuogopa, mama. Ungechomoka kama risasi."

Jasumati akaufungua, akampa Hiral.

Picha ilionyesha uvimbe mdogo. Ukaondolewa mapema, na jicho likaona tena.

Aliporudi dukani, Hiral akamnyooshea ufunguo. Jasumati akausukuma.

"Kaa nao," alisema. "Kesho fungua wewe."