Kiapo cha Sambusa

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya shule, Hamdi alimsaidia mama yake kushusha madumu ya maziwa ya ngamia sokoni Garissa. Jumatano hiyo alifanya kazi kimya, mpaka mama akamuuliza kama anaumwa. Akasema haumwi. Aliona haya kusema kilichomsumbua.

Kesho yake wanafunzi wangemchagua kiranja mkuu. Weris, msichana mwenzake na rafiki yake wa dawati moja, aliahidi jambo moja tu: kudai mlango wa choo cha wasichana. Mpinzani wake, Abdijabar, mtoto wa mfanyabiashara mkubwa wa ngamia, hakuahidi kitu. Siku iliyotangulia alikuwa amempa Hamdi shilingi mia mbili na mfuko wa sambusa, akamtaka awaapishe wasichana kumi wampigie yeye kura. Kila mmoja alikula sambusa yake, akasema wallahi. Hamdi ndiye aliyeapa wa kwanza.

Mchana huo Weris alimwomba awe wakala wake wa kuhesabu kura. "Sina mwingine ninayemwamini," alisema. Akampa karatasi ya wakala, na Hamdi akaipokea.

Jioni, wakiosha madumu, alimweleza mama yote huku machozi yakimtiririka. Mama hakumgombeza. Alikaa mkekani taratibu.

"Hata mimi niliapa," alisema. "Tulikuwa Bura, wewe bado unanyonya. Mgombea mmoja alitugawia sisi wanawake shilingi mia tano mia tano, akatuapisha tumpigie kura. Aliposhinda, tukamfuata ofisini kuuliza habari za kisima alichotuahidi. Akatujibu, 'Nyinyi si nilishawalipa?' Tulirudi tumefunika nyuso kwa mitandio."

"Na ayeeyo?"

"Bibi yako, enzi zake, alipewa sukari na majani ya chai. Siku hizo bei yetu ilikuwa rahisi zaidi."

Hamdi nusura acheke, kisha aibu ikamrudia. "Lakini hooyo, tumeapa."

"Ukiapa kufanya baya, unaliacha, kisha unatoa kafara. Asiyeweza kulisha maskini kumi hufunga siku tatu. Mimi sikulijua hilo. Nilidhani kiapo kile kimenifunga mdomo."

Asubuhi Hamdi alimrudishia Abdijabar pesa zake. "Na sambusa je, utazitapika?" Abdijabar akauliza, na wenzake wakaangua kicheko. Hamdi alikwenda zake, uso ukimwaka. Aliwaita wale wasichana kumi, akawaomba radhi, akawaeleza habari ya kafara.

"Yaani nifunge siku tatu kwa sambusa moja?" Fatumo alilalamika. "Tena haikuwa hata na nyama."

Kumwambia Weris ndiko kulikokuwa kugumu kuliko yote. Weris alisikiliza mpaka mwisho, akachukua ile karatasi ya wakala mkononi mwa Hamdi, akampa msichana mwingine.

Weris alishinda kwa kura saba. Juma lililofuata alikwenda kwa mwalimu mkuu, na hakuna aliyeweza kumwambia kwamba kura zake zilikuwa zimeshalipiwa. Mlango wa choo ukawekwa, una komeo na kila kitu. Siku hiyo alisogea kidogo dawatini ili Hamdi apate nafasi ya kuweka kiwiko.

Jioni ya siku ya tatu ya kufunga, Hamdi alimwuliza mama kwa nini bado anaona aibu.

"Iache ikae kidogo," mama alisema, akimmiminia maziwa ya kufuturu. "Yangu nimekaa nayo miaka yote hii. Aliyekwisha kulipwa hana tena cha kudai, binti yangu. Anayekataa kulipwa ndiye anayeweza kuingia ofisini na kuuliza, kisima kiko wapi. Ukifika umri wa kupiga kura, mimi na wewe tutakwenda kuuliza pamoja."