Chupa Iliyotikiswa

Duka la dawa lilikuwa limefurika saa ya chakula cha mchana, kila mtu na karatasi yake mkononi na kila mtu ana haraka kuliko mwenzake. Nyuma ya kaunta alisimama mfamasia, koti jeupe limenyooka kwa pasi, nywele kazifunga nyuma, miwani imeteremka hadi katikati ya pua. Alikuwa mwepesi wa mkono na mwepesi zaidi wa ulimi. Watoto walimpenda, watu wazima walimwogopa kidogo.

Zamu ikamfikia kijana mrefu mwenye shati la kijani lililokolea na macho mekundu kwa mafua.

"Daktari, nisaidie. Pua imeziba na kesho nina kazi."

"Hiyo kazi unafanya kwa pua?"

"Ndiyo."

"Kwani wewe ni mbwa wa polisi?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Kijana naye akataka kucheka, akapiga chafya.

"Nauza mvinyo," alisema akijifuta. "Kesho naletewa mzigo mpya niuonje. Bila pua, hata mvinyo mzuri unakuwa maji ya bomba."

"Haya, matone mawili kila tundu, asubuhi na jioni. Na ulale."

"Nikipona nitakuja kukushukuru."

"Ukipona usije. Hapa wanakuja wagonjwa."

Alikuja, tena buheri wa afya, kanyoa ndevu na kunukia sabuni. Mfamasia alijifanya hamkumbuki, lakini kicheko kilimponyoka, na kicheko cha mwanamke aliyejifanya hakumbuki ni jibu tosha. Jioni ile akajikuta amekaa kwenye kiti kirefu nyuma ya duka la mvinyo, katikati ya rafu na makasha, mbele yake bilauri ndogo kama ya kupimia dawa.

"Hii ni sheri kavu," kijana alimwambia. "Ni divai ya zabibu iliyoongezwa pombe kali, kwa hiyo ina nguvu kuliko divai ya kawaida. Usiigugumie. Ongea nayo."

Akaonja. Akakunja uso mpaka miwani ikapanda.

"Imekauka hii! Kama nimetafuna lozi zenye chumvi."

"Umepatia! Wengine wanachukua mwaka mzima kuziona hizo lozi. Sasa jaribu hii."

Ya pili ilikuwa nyeusi, nzito, ikiteleza taratibu ukutani mwa bilauri. Mfamasia akafumba macho. Zilikuja zabibu kavu, ikaja kahawa, ikaja sukari iliyoungua kidogo chini ya sufuria.

"Na hii nayo ni sheri?"

"Ndugu baba mmoja, mama mmoja."

"Basi huyu ndiye aliyelelewa vizuri."

Tangu siku hiyo akamwita Pua, naye akamwita Daktari. Kila jioni ya mapumziko alipita dukani na gauni jipya, mara la bluu lenye vifungo mgongoni, mara la rangi ya machungwa lililomfanya Pua amwage sheri mezani. Alifundishwa poti, divai tamu ya Ureno nayo iliyoongezwa pombe kali, iliyokaa kwenye pipa hadi ikawa na rangi ya tofali, wakainywa kwa jibini na kucheka. Mwanamke aliyekuwa akidhani mvinyo wote ni uchachu mmoja sasa alijua kunusa kwanza, kunyamaza, ndipo aseme. Mapenzi yalimwingia hivyohivyo, kidogokidogo, akashtuka yamemjaa.

Kisha Pua akamwambia habari ya chupa.

"Marehemu baba alikuwa mpishi wa meli. Alinunua poti ya mavuno ya mwaka niliozaliwa, akailaza kabatini. Aliagiza ifunguliwe siku nitakayomleta nyumbani mwanamke ambaye mama hatamkimbiza."

"Mama yako anakimbiza watu?"

"Alikuwa mwalimu mkuu. Anakimbiza hata wageni wake mwenyewe. Na tangu niache uhasibu nikauze mvinyo, hajaingia dukani kwangu hata siku moja. Anasema namwaibisha. Jumapili anakuja kwangu, Daktari. Nataka aonje alichoacha baba, labda ataielewa kazi yangu. Nataka akuone wewe pia."

Jumapili mfamasia akafika mapema na gauni la zambarau na hereni ndogo. Pua akamwachia funguo, akaenda kumchukua mama yake. Meza ilikuwa tayari na bilauri zinameta. Juu ya kabati, karibu na dirisha, chupa ilikuwa imesimama peke yake. Mfamasia akaisogelea, akaiinua kidogo kwenye mwanga, akaona kitu kizito cheusi kimetuama chini.

Kazini kwake kitu kilichotuama chini ya chupa kina dawa moja tu. Mama wangapi amewaambia watikise kabla ya kumpa mtoto? Mkono haukungoja kuulizwa. Aliitikisa barabara, juu chini, juu chini, mpaka chini pakawa peupe, akairudisha mahali pake akiwa ameridhika kabisa kwamba amesaidia.

Mama akaingia na kitambaa cheupe kichwani na mkoba kakumbatia kifuani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Alimtazama kuanzia viatu hadi hereni. "Wewe ndiye wa dawa?"

"Ndiye, mama."

"Angalau mmoja kati yenu ana kazi."

Pua akacheka kwa wasiwasi. Akafungua chupa, akaimulika shingoni kwa tochi ili aone kinachopita, akaanza kumimina kwenye jagi polepole.

"Poti kongwe ina mashapo," alieleza. "Ndiyo maana nimeisimamisha tangu juzi, yashuke. Haitakiwi kutikiswa hata..."

Kilichokuwa kikishuka kwenye jagi kilikuwa tope.

Mfamasia alitamani ardhi ipasuke immeze yeye na gauni lake.

"Mimina tuone," mama akasema. Akaonja, akatoa chembe nyeusi kwenye ulimi kwa ncha ya kidole, akaziangalia. "Mume wangu alihangaika na hili tope miaka yote hiyo? Na wewe umeacha kazi ya heshima uwauzie watu matope?"

"Ni kosa langu, mama," Pua alisema, uso umemshuka. "Labda niliishika vibaya. Nisamehe."

Akamgeukia mfamasia kama mtu anayetafuta pa kushika. Hapo ndipo palipokuwa pa kusema. Badala yake akasema, "Pole."

Pole! Aliyevunja anampa pole aliyevunjiwa. Njia nzima ya kurudi kwake neno lile lilimwasha mdomoni, na akajiona mtu duni kuliko alivyowahi kujiona.

Simu ya Pua ililia kesho yake, na kesho kutwa. Aliitazama ikilia mpaka ikachoka. Dukani alishika dawa ya mtoto akataka kusema "tikisa kabla ya kutumia", sauti ikagoma, mteja akabaki anamshangaa. Siku aliyopokea, alipokea kwa sababu alimkumbuka kupita kiasi.

"Daktari, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Mbona umenikimbia? Ni kwa sababu ya Jumapili?"

"Ndiyo."

Pua alivuta pumzi. "Basi nimeelewa. Hata mimi nisingetaka mwanaume aliyeumbuka mbele ya mama yake."

"Hapana, Pua, si hivyo..."

Simu ilikuwa imeshakatwa.

Mfamasia alilia, akanawa uso, akakata shauri. Kesho yake mchana akavua koti jeupe akaenda duka la mvinyo. Pua alikuwa akimfungia mteja chupa. Mfamasia hakungoja mteja aondoke, alijua akingoja atakimbia.

"Niliitikisa mimi."

"Nini?"

"Chupa ya baba yako. Niliona mashapo nikadhani ni kama dawa. Niliitikisa kwa mikono yangu hii, halafu nikakaa kimya ukaomba radhi kwa ajili yangu. Sikukuonea aibu wewe, Pua. Najionea mwenyewe."

Mteja alichukua mzigo wake akatoka bila kuaga. Pua aliweka mkasi mezani.

"Chupa ningekusamehe palepale," alisema taratibu. "Ungejuaje? Hata mimi sikukwambia. Lakini uliniacha nimpigie mama magoti kwa kosa lisilo langu, ukanipa pole."

"Najua."

"Sasa usiniombe mimi. Nenda kamwambie yeye."

Nyumba ya mama ilikuwa na mapazia yaliyopigwa wanga na picha ya mpishi wa meli, kofia kaiweka upande, anacheka. Mfamasia hakukubali kiti. Alisema yote akiwa amesimama, macho sakafuni, kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Alipomaliza alingoja kufukuzwa.

Mama hakumfukuza. Alishika ncha ya kitambaa chake akaikunja, akaikunjua.

"Kaa, mwanangu. Mficha uchi hazai, na mimi nina wangu." Sauti ilikuwa ndogo kuliko ya Jumapili. "Siku ile niliondoka na lile jagi. Nilimwambia mwanangu nakwenda kulimwaga. Nilipofika mkono ukakataa, kwa kuwa ni kitu cha mume wangu. Nikakichuja kwa kitambaa, nikaonja. Nikaonja tena."

"Kilikuwaje, mama?"

"Kitamu hata nikalia. Nilikaa hapa na bilauri yangu nikahisi kama yule pale kwenye picha amerudi safari." Akafuta macho kwa haraka. "Na nilikiita matope mbele ya mgeni. Nilimdhalilisha mwanangu kwa kitu kizuri kuliko vyote alivyoachiwa."

"Mbona hukumpigia?"

"Nimefundisha watoto wa watu kuomba radhi maisha yangu yote. Wa kwangu, namba yake naitazama tu."

Mfamasia alimfahamu kabisa. Akatoa simu yake, akapiga, akaiweka sauti kubwa, akaisogeza mbele ya mama.

"Umemwambia?" Pua aliuliza mara moja.

"Baba, ni mimi," mama alisema. "Babako hakununua matope. Nimekuvunjia heshima na kazi yako nimeitukana. Unisamehe."

Kikasikika kishindo cha mtu anayepenga kamasi.

"Mama, kwani uliinywa?"

"Niliinywa."

"Kidogo?"

"Yote, baba. Sikukubakizia hata tone. Nalo hilo naomba radhi."

Pua alicheka, kicheko kilichoanza kama kilio. Mama naye akacheka, mkono mdomoni. Wiki ijayo, alisema, angefika dukani kuona ni nini hicho kingine anachouza, na asithubutu kumpa kibovu.

"Daktari yupo?" Pua akauliza.

"Nipo."

"Bado nina hasira na wewe."

"Najua."

"Zitachukua muda kuisha. Nami siwezi kukasirika na mtu aliye mbali, nachoka. Nataka tuoane, nikukasirikie nyumbani kwetu mpaka ziishe."

Mfamasia akafunika uso kwa viganja vyote viwili, mabega yakitikisika.

Mama alimtazama, akaisogelea simu.

"Amekubali," alimwambia mwanawe. "Anaona haya tu."