Nyoka wa Kijani Nyuma ya Goli

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kimya alipangusa vioo vya nyumba ya maonyesho ya nyoka. Nyuma ya kila kioo aliishi nyoka. Chatu alijiviringa kwenye kona yake kama mpira wa gari uliotupwa. Kifutu mnene alijifanya majani makavu. Fira alinyanyua shingo kila kitambaa kilipopita mbele yake, na koboko, mwembamba na mwenye hamaki, hakupenda kabisa kutazamwa. Alikuwepo pia nyoka anayekula mayai, ambaye humeza yai zima kisha hutema ganda, na wale nyoka wadogo wa udongoni ambao wageni waliwadhania minyoo. Wageni walikuja kuona jinsi nyoka wa nchi moja walivyo wengi na wasivyofanana.

Baba yake Kimya ndiye aliyekuwa mtunza nyoka. Yeye na binti yake waliishi katika vyumba viwili nyuma ya nyumba hiyo ya nyoka. Mama alikuwa muuguzi katika mji mwingine, na alirudi wakati wa likizo tu.

Kazi ya baba ilikuwa na sharti moja. Kabla ya kufungua mlango wowote, alitaja kwa sauti jina la nyoka aliyemwona kwa macho yake, si lile lililoandikwa mlangoni. Msaidizi wake, aliyesimama upande wa pili, naye alitaja. Kama mmoja wao hakukiona kichwa vizuri, alisema, “Sijui,” na mlango ulibaki umefungwa hata kama kazi imechelewa. Hakuna aliyemcheka mwenzake kwa kusema hivyo.

Shuleni mambo yalikuwa mengine. Wenzake walimpa jina la Kimya kwa kuwa hakuwa msemaji, lakini angesema na nani? Dawati lake lilikuwa la watu wawili, naye alikaa peke yake. Wengine waliapa kwamba mkoba wake una nyoka. Wakati wa mapumziko alikaa kwenye ngazi za stoo, akila mkate wake kidogo kidogo ili umalizike pamoja na mapumziko, asije akakaa bure akionekana hana kazi. Upweke ulimuuma. Hakumwambia baba, maana baba aliipenda kazi yake na angeumia.

Siku moja nyoka wa kahawia alianguka kutoka darini katikati ya somo. Darasa zima lilipanda juu ya madawati, na mwalimu akapanda kiti chake, ingawa baadaye alisema alikuwa anatafuta chaki. Kimya peke yake alibaki chini. Alimtazama vizuri yule nyoka, kichwa mpaka mkia.

“Ni nyoka wa nyumba,” alisema. “Hana sumu. Amefuata panya.”

Baba yake alipoitwa kuja kumchukua nyoka huyo, alisema vilevile.

Tangu siku hiyo Kimya akawa mtu. Mapumziko watoto walimzunguka na maswali yao. Nahodha wa timu ya mpira wa pete, msichana mrefu ambaye kila mtu alitaka kuwa rafiki yake, alihamia kwenye dawati lake bila hata kuomba ruhusa. Wote walimwita Nahodha, hata walimu. Kimya alicheka mpaka mashavu yakachoka, maana hayakuwa yamezoea.

Kisha, mchana mmoja, mpira uliingia kwenye kichaka nyuma ya goli. Nahodha aliufuata, akarudi kinyumenyume.

“Kimya, njoo uone. Huyu naye ni nani?”

Kati ya majani Kimya aliona kipande cha mwili wa kijani, basi. Kichwa hakikuonekana. Alijua wazi kwamba nyoka wa kijani wako wa aina nyingi. Wengine hawana neno, wengine sumu yao inaua. Lakini macho yote yalikuwa kwake. Aliona haya kusema hajui, na aliogopa zaidi kurudi kwenye zile ngazi.

“Ukukwi huyo,” alisema. “Hana madhara.”

“Basi kesho asubuhi naingia na fimbo namtoa,” alisema Nahodha. Kengele ikalia, wakarudi darasani.

Jioni Kimya alimkuta baba amesimama mbele ya mlango wa nyoka mmoja wa kijani.

“Sijui,” baba alimwambia msaidizi wake, akaacha kufungua.

“Baba, huyo si umemlea tangu akiwa mdogo?”

“Nimemlea. Lakini amejificha, kichwa sijakiona. Nikikisia, sumu haitauliza kama nimeshamzoea.”

Asubuhi kitambaa kikiwa mkononi, Kimya alimweleza baba yote.

“Nachukua ndoano yangu ya kukamatia nyoka nije,” alisema baba. “Lakini wenzako utawaambia mwenyewe. Kimbia.”

Alipofika, watoto walikuwa wamejaa uwanjani, na Nahodha ameshaingiza mkono mmoja kichakani, fimbo kwenye mkono wa pili.

“Toka,” alisema Kimya akihema. “Sijui ni nyoka gani.”

“Jana ulijua.”

“Jana nilidanganya. Kichwa sikukiona. Nilitaka muendelee kukaa na mimi.”

Nahodha alitoka taratibu.

“Kwa hiyo ningeumwa ili wewe upate rafiki?”

Mtu mmoja nyuma alisema, “Kumbe bure kabisa huyu,” na kicheko kikaenea. Waliondoka mmoja mmoja. Kimya alibaki peke yake mbele ya kichaka, akilinda mtu asikaribie, na machozi yakimtoka bila kuyafuta.

Baba alikuja na ndoano na mfuko wa kitambaa. Alisubiri mpaka kichwa kikatokeza, akatazama kwa makini, kisha akamtoa nyoka kwa upole.

“Ukukwi,” alisema.

Watoto waliokuwa wamerudi kuchungulia walianza kunong'ona. “Si ndivyo alivyosema jana?” aliuliza mmoja. “Kumbe alikuwa sahihi!”

Kimya aliona mlango umemfungukia. Angeweza kutabasamu tu, na yote yangekwisha.

“Hapana,” alisema. “Nilibahatisha.”

Baba alimweka nyoka mfukoni, akawageukia watoto.

“Mmemsikia. Kubahatisha ukapatia si kusema kweli. Safari hii bahati imetusaidia, safari nyingine ingetuletea kilio. Nyoka usiyemjua muache, mwite mtu mzima. Na mtu akiumwa, msimchanje kwa wembe, msimfunge kamba, wala asikimbie. Atulie, apelekwe hospitali upesi.” Kisha akamshika Kimya bega na kusema kwa sauti ya chini, “Rafiki anayepatikana kwa uongo, mwanangu, utamlinda kwa uongo kila siku. Utachoka. Bora useme kweli, abaki atakayebaki.”

“Na asipobaki mtu?”

“Hilo siwezi kukuahidi,” alisema baba, akaondoka na mfuko wake.

Watoto walitawanyika. Kimya aliokota mpira uliokuwa umelala kichakani tangu jana, akaupeleka kwa Nahodha. Nahodha aliupokea bila kumtazama.

“Bado nimekukasirikia,” alisema.

“Najua.”

Nahodha aliudundisha mpira, akaudundisha tena. “Mlinzi wetu anaumwa homa. Umewahi kucheza?”

Wengine walikuwa wanasikiliza.

“Sijawahi hata siku moja,” alisema Kimya.

“Afadhali umesema mapema,” alijibu Nahodha, akamrushia mpira. “Simama pale, nikuonyeshe.”