Namba Saba Hakuitika

Saa kumi na moja jioni ilishapita na zamu ya dada ilikuwa imekwisha. Lakini mdogo wake alikuwa anaolewa Jumamosi, siku tatu tu mbele, kisha angemfuata mumewe mbali. Miaka yote hiyo dada mtu anatembeza wageni katika hifadhi ile ya msitu, na mdogo mtu hajawahi kuliona pango la chokaa ambalo watu wanatoka mbali kuja kulitazama. Alilalamika kwamba wakwe watamcheka. Basi dada akamchomeka kwenye kundi la mwisho, wageni sita, akamfunga kamba kiunoni kama wenzake na kumpa namba. Saba.

Namba zile si mchezo. Mle pangoni hakuna kuitana majina. Mtembezaji anafundishwa hilo siku ya kwanza, kabla hata ya kupewa kofia ya kazi. Taa zikizima unasimama, unahesabu, kila mtu anaitikia namba yake, basi. Ukiuliza sababu unaambiwa mwangwi unavuruga. Yeye hakuwa mtu wa kuchokonoa mambo, akaridhika na jibu hilo.

Wakashuka. Maji yalidondoka kwenye chokaa, to... to... to... Kulinuka udongo mbichi na kinyesi cha popo. Walipofika ukumbi wa chini, tochi yake ilififia, ikazima. Na za wageni pia.

Zote.

"Tulieni," alisema. "Moja."

"Moja," aliitikia wa mbele.

Mbili. Tatu. Wakaitika mpaka sita.

"Saba."

Kimya. To... to...

"Namba saba."

Akavuta kamba. Ikaja nyepesi, haina mtu. Hapo akili ikamruka. Mafunzo yote yakamtoka kichwani, akabaki dada wa mtu tu, na akaita jina la nyumbani la mdogo wake, lile alilopewa na mama yao kwa sababu ya kuwaka upesi.

"Kibiriti, uko wapi?"

"Nipo, dada," sauti ilijibu kushoto kwake.

"Nipo, dada," ikajibu nyingine, kutoka chini kabisa.

Ni mwangwi, alijiambia. Tochi zikawaka. Mdogo wake alikuwa pale kushoto, kamba haipo tena kiunoni, anasema fundo lilifunguka. Dada hakuuliza zaidi. Alipanda nao haraka, akahesabu vichwa saba mlangoni, akafunga geti la vyuma kwa kufuli. Wageni wakaaga, wakashika njia yao. Alikuwa anatia ufunguo mfukoni.

"Dada... umenifungia."

Sauti ilitoka ndani.

Mdogo wake alikuwa kando yake, anakung'uta vumbi kwenye sketi, na mkono ukabaki hewani. Dada akamulika kati ya vyuma. Jiwe tupu, limelowa. Lakini pumzi ya mtu ilisikika palepale, karibu kabisa.

Akauliza jambo ambalo duniani walilijua wao wawili tu. Nani alivunja kioo cha mama?

"Wewe," walijibu kwa pamoja, wa nje na wa ndani. "Na mimi ndiye niliyechapwa."

Wa ndani alianza kulia. Wa nje akamng'ang'ania mkono. "Usifungue, dada," alinong'ona. "Naogopa."

Mzee wa lango la hifadhi alikuwa anakuja kukusanya funguo. Akasikia kilio, akasimama, akamtazama mtembezaji kwa huruma.

"Ulimwita jina."

Akamvuta pembeni, akamweleza kwa sauti ya chini. Miaka kumi na tisa nyuma, yeye na mke wake, pango hilohilo. Alimwita jina, wakaitika wawili. Aliingia kumfuata wa ndani mpaka kukapambazuka, na kila alipokaribia, sauti ilikuwa mbele zaidi. Mwishowe akamchukua yule mwenye mwili. Ni mke mwema, alisema, sina la kumlaumu.

"Lakini ndiye?"

"Mwanangu, ningelijua hilo, ningekuwa nimeshastaafu."

Hakutaka kusikia zaidi. Alifungua kufuli, akaingia mbiombio, akatambaa mahali ambapo hata watembezaji hawafiki. Magoti yalichunika. "Hapa, dada. Unakaribia." Akanyoosha mkono, akashika maji. "Hapa, dada." Akaenda tena. Na tena. Alilia, aliapa, alimwomba Mungu, alibembeleza jiwe lile kama mtu. Ni mzee aliyemvuta miguu na kumtoa, naye anapigana.

Jumamosi harusi ilifungwa. Mama alipiga vigelegele mpaka akakaukiwa sauti. Bibi harusi alicheka, alitokwa machozi wakati wa kuaga, akamkumbatia dada yake kwa nguvu. Alikuwa na joto lake lilelile, harufu yake ileile. Dada alitafuta kosa usoni mwake tangu asubuhi, hakuliona. Jumapili gari likawachukua maharusi.

Jumatatu jioni, kundi la mwisho lilipokwisha kuondoka, alibaki peke yake kwenye geti. Sauti ilikuwa imechoka sana.

"Dada... Jumamosi imeshapita, sivyo?"

"Imeshapita."

To... to... to...

"Nani alivaa gauni langu?"

Alikaa chini, akaegemeza paji la uso kwenye vyuma. Alitaka kufa. Aliyekuwa mle ndani huenda hakuwa mtu, na huenda alikuwa mdogo wake wa damu, na hakuna wa kumwambia ni yupi.

"Ulipendeza, mdogo wangu," alisema. "Ulipendeza sana."

Kisha sauti ikauliza kama mama alifurahi.