Pole Zilizoingia Jichoni

Haya nilisimuliwa na shangazi yangu Sikuzani, tukipepeta mpunga, mwaka mmoja kabla sijaolewa. Yalitokea Mzenga, enzi za Mwingereza.

Kila asubuhi ya mavuno Mwanamkuu, binti wa miaka kumi na miwili, alikwenda na mama yake, Mwamini, kupura mpunga. Siku moja kapi likamrukia jichoni. Badala ya kuliosha jicho, alilifikicha kwa upindo wa kanga uliojaa vumbi, akaendelea na kazi. Kulipokucha jicho lilikuwa jekundu, linatoka machozi, halitaki mwanga.

Majirani wakaja kutoa pole, na pale kwao mtu haendi kutoa pole mikono mitupu. Mmoja alileta maji ya majani, akayadondosha jichoni. Mwingine, aliyekuwa akinyonyesha, akakamulia maziwa yake. Akaja wa kupuliza unga wa mizizi. Kila mmoja alimkosoa aliyemtangulia, kisha akatia yake. Mwanamkuu alilalamika kwamba jicho linazidi kuuma. Mama alimnong'oneza avumilie, maana kukataa dawa ya jirani ni kumtukana.

Alipotokea Bi Zubeda akitafuna majani ili ayateme jichoni, mtoto aliziba uso kwa mikono miwili.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ondoa mikono."

"Pole yako nimeipokea, bibi. Mate yako siyataki."

Bi Zubeda akamgeukia mama mtu. "Mwamini, huyu umemlea au umemwokota?"

Mwamini aliona aibu, akainua mkono amchape. Mwanamkuu akaliziba lile jicho zima.

"Nichape, mama. Lakini kwa jicho hili hata huo mkono siuoni. Naona moshi mtupu."

Mkono ukabaki hewani. Kesho yake alfajiri wakashika njia ya Kisarawe, mwendo wa kutwa kwa miguu.

Mganga wa zahanati, Bwana Salehe, alilitazama jicho, akaguna, akauliza limetiwa nini. Mwamini akaanza kutaja, na hata hajamaliza mganga akamkatiza.

"Basi, mama. Hapo mlikuwa mnapika mchuzi."

Akawaeleza kwamba kapi liliikwaruza ile ngozi nyororo inayong'aa kama kioo mbele ya mboni. Kufikicha na zile dawa vikaingiza uchafu, mkwaruzo ukawa kidonda. Kikiachwa, huacha kovu jeupe, na jicho huweza kupofuka. Akalipaka marhamu, akaagiza mtoto arudi kila siku.

Wakafikia kwa Saburi, wifi yake Mwamini. Hawajakaa vizuri, wifi akaja na kikombe cha maji ya majani, akikisifu kwamba hakuna jicho lililowahi kukishinda. Mwamini alikipokea kwa mikono miwili, akashukuru sana, kisha akanawia miguu yake iliyochoka. Wifi akanuna hadi kesho kutwa.

Moshi ulipungua polepole. Siku ya mwisho Bwana Salehe aliliziba jicho zima, akamuuliza Mwanamkuu anaona nini.

"Namwona mama. Amekunja uso."

"Nina usingizi," alisema Mwamini.

Hapo mganga akawaambia, "Kitu kikiingia jichoni, msifikiche. Osheni kwa maji safi. Likibaki linauma au jekundu, njooni siku hiyo hiyo, wala msilitie kitu. Pole ya mtu ipokeeni kwa mikono, si kwa jicho."

Waliporudi kwa wifi adhuhuri, Mwanamkuu alijitupa kitandani, akalala fofofo. Mama yake, ambaye tangu watoke Mzenga alikuwa halali vizuri kwa kulilinda jicho lile na wenye huruma, alijinyoosha mkekani, palepale mlangoni ili asiingie mtu, na adhuhuri ile ile usingizi ukamchukua.